Utepe wa Mtoto Bora

Warsini usimwonee huruma, hakuiomba. Ni muuza tofu, jibini ya soya, ya kukaanga, ulimi wake unawasha kuliko pilipili anazouzia, na ana binti mmoja tu, Kinasih, wa miaka minne na nusu, asiyesema neno wala kupenda kuguswa, mwenye kilo ishirini na tisa.

Kinasih anakula vitu vitatu: wali mweupe, kerupuk, vile vibanzi vikavu vya kukaanga, na maziwa ya kopo, yale mazito matamu, yakikorogwa na maji. Kingine chochote kinaishia ukutani. Daktari wa mjini alisema ana usonji, na watoto wengi wa aina yake huchagua sana chakula. Akasema pia kuwa huenda uzito ulianzia mbali, tangu mimba na miezi ile ya kwanza. Hospitali ingempokea kwenye kliniki ya lishe, ila kwanza kitabu cha mizani cha kijiji kijazwe, pamoja na sababu ya unene.

Basi siku ya mizani akampeleka kwenye baraza ya mkuu wa kijiji. Kinasih alipiga kelele tangu getini. Bu Darmi, kiongozi wa akina mama wapimaji, akampandisha kwenye mizani ya chini kisha akatangaza mpaka barabarani wakasikia.

"Ishirini na tisa! Jamani, huyu mtoto au gunia la mchele?"

Watu wakacheka. Bu Darmi akaandika: Sababu, uzembe wa mama.

Warsini akachungulia kitabu, akasoma. Mwaka jana jirani yake aliandikiwa vivyo hivyo, na huko hospitali akahubiriwa saa nzima, akarudishwa nyumbani na mtoto wake bila matibabu.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, dada?"

"Hilo neno. Sitoki hapa mpaka lifutike."

"We Warsini, usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Yangu umeshaivunja, tena kwa kipaza sauti cha koo lako."

Akatia mkono kikapuni, akatoa utepe mwekundu wenye maandishi ya dhahabu: Mtoto Mwenye Afya Bora, Mshindi wa Kwanza. Kicheko kikakatika.

"Ulimvisha wewe, mama. Alikuwa na miezi minane, mapaja yana mikunjo mitatu mitatu, ukambusu, tukapigwa picha. Zawadi ilikuwa nini?"

Bu Darmi akainamisha macho. "Maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya kopo."

"Katoni mbili! Ukaniambia nimpe kila akilia. Na mwanangu alikuwa akilia kutwa, sikujua kwa nini, nikampa. Hata wakati wa mimba yake mlinijazia sahani mbili mbili. Kosa langu nalikubali. Niliwasikiliza."

Kinasih alikuwa ameketi juu ya mizani, ametulia, anapapasa nyuzi za utepe ulioning'inia mkononi mwa mama yake, kidole kwa kidole.

Bu Darmi akakata lile neno. Kalamu ikabaki hewani. "Sasa niandikeje?"

"Kama ilivyokuwa."

Akaandika polepole, na Warsini akasoma kila herufi akichungulia juu ya bega lake: Amepewa maziwa matamu ya kopo tangu miezi minane. Tulimpa sisi.

"Gonga muhuri," akasema Warsini. "Na kilo za binti yangu usizitangaze tena."