Agripina na Ripoti Zilizoitikiwa Amina

Agripina hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu alipokuwa binti mdogo akimsaidia Mama Anastazia kupima mafuta kwenye duka la Issuna, alikuwa na tabia ya kuuliza mpaka mtu achoke. Nani kanunua? Kanunua nini? Mbona jana walikuja wengi na leo wachache? Mama Anastazia, msimamizi wa duka aliyemlea, hakumfukuza hata siku moja. Alimjibu yote, na pale alipoishiwa majibu alimwambia aende shule akawasumbue walimu. Akaenda kweli. Alipomaliza chuo cha biashara Singida mjini, aliajiriwa Ikungi, kwenye kiwanda kile kile chenye duka la Issuna, kinachokamua alizeti na kuuza mafuta kupitia maduka yake ya vijijini. Walimkabidhi kompyuta yenye mfumo wa mauzo, wakamwambia kila Jumatatu atoe ripoti na kuwapelekea wauzaji.

Na ripoti yenyewe, jamani! Waliounda mfumo ule walitaka kila kitu kiwemo: namba ya stakabadhi, saa ya mauzo, kodi, punguzo, safu juu ya safu mpaka kioo cha kompyuta kinaisha na zenyewe bado zinaendelea. Agripina aliipakua vile vile ilivyo, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la wauzaji, akaenda kunywa chai. Akirudi anakuta majibu yamejaa. "Amina." "Amina mpendwa." "Amiin, Mungu atufanyie wepesi." Mzee Nathanaeli wa Ilongero aliongezea na picha ya mikono inayoomba. Agripina aliona ndiyo namna yao ya kushukuru, akafurahi kwamba watu wake wanasoma.

Aliendelea kufurahi hivyo karibu mwaka mzima, hadi siku Meneja Gerald alipomwita ofisini. Gerald si mtu mbaya. Anasalimia walinzi kwa majina yao na msiba wa mfanyakazi haumpiti. Ila akishaamua jambo, kumrudisha nyuma ni kazi.

"Jumamosi tuna mkutano wa wauzaji wote," alisema. "Nitatangaza kwamba duka la Issuna tunalifunga. Nimelivumilia vya kutosha, halisogei. Niandalie ripoti nzuri ya kuwaonyesha, watu wasiseme namwonea Mama Anastazia."

Agripina aliitikia "sawa Meneja" kwa sauti ambayo hakuitambua. Alitoka nje, akasimama nyuma ya mashine za kukamulia, akampigia Mama Anastazia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko Ikungi?"

"Hatujambo. Mama, zile ripoti ninazotuma kila Jumatatu, huoni duka lako lilivyo chini?"

"Ripoti zipi?"

"Za kwenye grupu, Mama. Si unaitikia Amina kila mara?"

"Eh! Zile si neno la asubuhi?" Mama Anastazia alishangaa kwelikweli. "Asubuhi kila mtu anatuma neno, huyu zaburi, huyu dua. Ya kwako simu yangu inakataa kuifungua, sasa nikae kimya? Naitikia tu. Na wenzangu naona wanaitikia."

Agripina alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Wiki zote hizo alikuwa akiwatumia watu kitu kisichofunguka, nao wakakipokea kwa imani. Ikabidi aseme lililomfanya apige simu.

"Walifunge?" Mama Anastazia alisema. "Na wafugaji wa mnadani mashudu watanunua kwa nani? Mgongo wangu umeisha kwa kushusha magunia ya mashudu kila mnada, lori zima, halafu walifunge?"

"Mama, huku ofisini Issuna ina mashudu kidogo sana."

"Kidogo! Sasa hayo malori ya nani? Mimi najua mnajua."

Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Ng'ombe wanayapenda, na kiangazi majani yakiisha mfugaji hulala macho akiyawaza. Agripina alirudi kwenye kompyuta, na safari hii hakupakua ripoti kama ilivyo. Aliondoa safu za kodi, za saa, za namba zisizomsaidia muuzaji yeyote. Akabakiza duka, bidhaa, kiasi na mwezi. Kila duka akalitengea ukurasa wake mmoja, maandishi makubwa, na mchoro wa nguzo za rangi mbili: njano ya mafuta, kahawia ya mashudu. Nguzo ya kahawia ya Issuna ilikuwa fupi ya kusikitisha. Ya duka la Ikungi ilikuwa imepanda mpaka inakaribia kugonga kichwa cha habari.

Hapo akaelewa. Lori la mnadani hupakiwa kiwandani Ikungi, kwa hiyo stakabadhi yake hukatwa na Laurian, msimamizi wa duka la Ikungi, na mfumo ukaandika kila gunia kuwa limeuzwa Ikungi. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Lakini mtu pekee wa kuthibitisha malori yapi yalikwenda Issuna alikuwa Laurian mwenyewe, na duka la Laurian ndilo lililokuwa likisubiri kutangazwa bora Jumamosi ile ile. Agripina angekwenda kumnong'oneza Meneja angeonekana anamtetea mama aliyemlea. Akaona bora kila mtu aone kila kitu.

Alizigeuza kurasa zote kuwa picha, ambazo hata simu ya zamani inafungua, akaandika:

"Shikamooni wazee wetu. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Hili si neno la asubuhi, NI RIPOTI. Kila mtu afungue ukurasa wa duka lake na wa mwenzake. Penye kosa tuambiane."

Grupu liliwaka moto! Mzee Nathanaeli alituma sauti ndefu akidai mafuta yake ya Novemba ni mengi kuliko hayo, na akagundua mwenyewe katikati ya maneno kwamba alikuwa anatazama ukurasa wa duka jingine. Watu wakamtania hadi akaomba yaishe. Kisha Mama Anastazia akaandika: "Mashudu yangu ya mnadani mbona hayapo?" Laurian alikuwa ameusoma ujumbe, alama zilionyesha. Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Agripina alikasirika, akamsema vibaya moyoni.

Jumamosi wauzaji walikaa kwenye mabenchi ndani ya ghala la kiwanda. Kurasa zilikuwa zinaonyeshwa ukutani. Laurian aliketi mbele, shati limepigwa pasi kali. Mama Anastazia alikaa nyuma kabisa, amejifunga khanga mpya, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Gerald alifungua ukurasa wa Issuna, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, jambo hili ni gumu," alianza.

"Meneja, samahani." Laurian alikuwa amesimama, jasho linamtoka. "Naomba kabla hujasema. Siku zote hizi nilikuwa napekua vitabu vyangu vya stakabadhi, sikutaka kuja kusema maneno matupu. Malori yote ya mnada wa Issuna yameandikwa kwangu. Mimi nakata tu stakabadhi, anayeyauza ni Mama. Kusema kweli nilikuwa napenda kuwa wa kwanza. Lakini ile nguzo ya kahawia nikiiangalia naona aibu, gunia hata moja sijashusha."

Agripina alitamani kumwomba msamaha palepale kwa yote aliyomwazia.

"Agripina," Gerald alisema taratibu, "unaweza kurekebisha sasa hivi?"

"Naweza, Meneja."

Laurian alisoma stakabadhi kwa sauti, Agripina akihamisha. Lori baada ya lori liliondoka Ikungi likaenda Issuna, na ukutani watu wakawa wanaona kwa macho yao nguzo ya kahawia ikipanda. Ikaipita Ilongero. Mzee Nathanaeli akalalamika kwa utani kwamba anaonewa. Ikaipita Ikungi. Mtu akapiga mluzi. Agripina akaipakua ripoti mpya, akaituma kwenye grupu na kwa Meneja, na mle ghalani simu zikaanza kulia mifukoni na kwenye mikoba, huku na huku, zote kwa pamoja. Kila mtu akafungua. Hakuna aliyeitikia kitu. Walikuwa wanasoma!

Gerald aliitazama simu yake, akatazama ukuta, akaitazama tena simu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Nilitaka kufunga duka linalouza mashudu mengi kuliko maduka yote tuliyo nayo," alisema. "Issuna haifungwi. Na si hilo tu, mashudu ya mnadani hayatatoka tena huku kila mara. Tutajenga ghala Issuna kwenyewe, na atakayelisimamia ni Mama Anastazia, kwa stakabadhi zake mwenyewe. Vijana wa kushusha magunia tutaajiri."

Vigelegele vilipasuka. Wanawake walisimama, Laurian akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na Mzee Nathanaeli akasahau goti lake linalouma. Mama Anastazia alikuja mbele polepole, akipita katikati ya mabenchi huku watu wakimpisha. Hakumwendea Meneja. Alimwendea Agripina, akafungua khanga ile mpya kiunoni, akamfunika nayo mabegani na kumvuta kifuani kwake.

"Ulikuwa unaniuliza maswali, unanichosha," alimwambia. "Leo umenijibia."

Agripina, mtu asiyejua kunyamaza, hakupata hata neno moja la kusema. Alilia kwa furaha mbele ya wauzaji wote, na hakujifuta.