Aliye Juu Alikuwa Anashuka

Marubani wenzake walimpachika jina la Chiriku, kwa kuwa kazini hanyamazi. Ndege ikishuka, yeye husoma kipimo cha kimo kwa sauti: elfu kumi, elfu tisa. Ndiyo kazi ya rubani msaidizi, lakini walimcheka.

Siku hiyo mvua ilipiga vioo kama changarawe, na nje hapakuonekana kitu ila weupe. Mnara wa kuongozea ndege uliwaamuru wasishuke chini ya futi elfu nane, maana mbele kuna vilima. Kepteni ndiye aliyeshika usukani. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye kampuni, aliyekuwa miongoni mwa abiria.

"Mbona tunazungukazunguka? Nina mkutano!"

Kepteni akageuza shingo. Akaeleza, akachekacheka, akaomba radhi. Ndege nayo ilikuwa inazidi kushuka.

"Elfu nane, kepteni. Tunapitiliza."

"Ngoja, mkubwa anaongea."

"Elfu saba na mia nne! Pandisha!"

"We binti, huna adabu?" mwenye kampuni akafoka.

Chiriku hakumtazama. "Naishika mimi!" Akavuta usukani, akaongeza nguvu hadi injini zikanguruma. Wingu likachanika kidogo, na chini yao, karibu mno, wakaona miti na mawe yaliyolowa.

Kesho yake akaitwa ofisini pamoja na kepteni. Alidhani anakwenda kushukuriwa. Kumbe ndege ilipopanda ghafla mwenye kampuni aliangukia bega, sasa anataka aombwe radhi.

"Nikuombe radhi kwa lipi, bosi? Kwa kukuacha hai?" Akamgeukia mwenzake. "Kepteni, kilima ulikiona. Sema!"

Kepteni akakodolea viatu vyake.

Chiriku akasimamishwa kazi. Nyumbani mama yake akambembeleza, "Mwanangu, aliye juu mngoje chini. Kaombe radhi yaishe."

"Mama, huyo nilimpandisha mimi. Ningemngoja, chini tungefika sote."

Badala ya kuomba radhi, alikwenda kwa wakaguzi wa usalama wa ndege. Wakasikiliza kinasa sauti cha ndege ile, kila neno likasikika. Chiriku akarudishwa kazini, kepteni akapelekwa kufundishwa upya.

Mwenye kampuni akawakusanya wafanyakazi, akatangaza kwamba ndege ikiwa inashuka, ni marufuku mtu yeyote kuwasemesha marubani. Alitangaza kifua mbele, kana kwamba wazo ni lake. Ukumbi ukapiga makofi. Chiriku alisimama nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani, na hakuikunjua.