Kuku Jike Aliyewika

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Ikungi, kuku jike akiwika hakumaliza siku. Wazee walisema anaita nuksi nyumbani, huenda hata msiba, na dawa yake ilikuwa kisu. Kwa hiyo asubuhi ile Madoa, tetea wangu niliyemlea tangu kifaranga, alipopanda juu ya kinu akawika kama jogoo, nilijua mambo yameharibika. Babu alikwenda moja kwa moja kutafuta kisu.

Nililia mpaka bibi akaingilia kati. "Mwache," alimwambia babu. "Jumamosi nitampeleka mjini. Asiponunuliwa, Jumapili umchinje."

Jumamosi tukapanda lori la magunia ya mtama hadi soko la Singida. Watu wa Dar es Salaam watacheka, lakini kwangu huo ndio ulikuwa mji mkubwa kuliko yote. Palikuwa na vitenge vimetundikwa kila mahali, asali kwenye madebe, na kuku wengi mpaka masikio yaliuma kwa kelele zao.

Nilidhani Madoa atanunuliwa upesi, maana alinona. Kumbe sikumjua bibi yangu. Kila mnunuzi alipomwinua na kumpapasa kifua, bibi alisema taratibu, "Mwanangu, nisikufiche. Huyu anawika." Mnunuzi alimrudisha tengani kama aliyeshika kaa la moto. Mama mmoja alifuta mikono kwenye khanga yake kabisa. Nilimkasirikia bibi kweli kweli.

"Kwani lazima uwaambie?" nikamnong'oneza.

"Wewe ungependa niuziwe mimi hivyo?"

Kufika adhuhuri, wauza kuku wenzetu walikuwa wamesogeza matenga yao mbali na letu. Ndipo akaja bwana mifugo, kijana wa serikali mwenye suruali iliyopigwa pasi, akasimama juu ya kreti na kuanza kueleza habari za mabanda na chanjo. Ujamaa ulikuwa bado mpya, na kila mtumishi alikuwa na hotuba yake ya maendeleo. Huyu akafika kwenye imani zetu.

"Ndugu wananchi, mnachinja kuku wazuri eti wamewika. Kuwika ni mambo ya mwili wa kuku tu. Hizo nuksi zenu ndizo zinazoturudisha nyuma."

Watu wakapiga makofi. Bibi akanyanyuka, akamkumbatia Madoa, akapita katikati yao hadi mbele.

"Shikamoo, bibi," alisema yule kijana.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anawika. Mnunue wewe."

Bwana mifugo alimtazama kuku, kisha akautazama umati. Madoa naye, bila kuombwa na mtu, akanyoosha shingo akawika. Watu wakaangua kicheko. Niliuona mkono wa yule kijana ukisita kabla ya kuingia mfukoni. Lakini uliingia.

"Utamchinja?" nilimuuliza.

"Simchinji, binti. Nitamweka bandani kwangu, kila mtu amwone."

Akaondoka naye, kamshika mbali kidogo na shati lake, na mimi nikarukaruka kwa furaha mpaka bibi akanishika bega.

Njia nzima ya kurudi bibi aligeukageuka kutazama kule mjini. Nilidhani anafurahia ushindi wake kimoyomoyo. Jioni, kwenye sala, alitutaja wote wa nyumbani kama kawaida, kisha akaongeza, "Na yule kijana wa kuku, asipatwe na lolote." Alimtaja hivyo kila jioni mpaka mavuno.

Leo siogopi kuku anayewika. Wajukuu wangu huniuliza kama bibi alikuwa mshirikina, nami huwajibu ndiyo, tena sana. Lakini nimeishi na watu wengi wasioamini chochote, ambao wangemuuza Madoa mapema asubuhi, kimya kimya, wakarudi nyumbani na kulala fofofo. Bibi alimwambia mnunuzi ukweli wote mbele ya soko zima, na bado usingizi ulimpaa.