Ndoa Isiyoshikwa Mkono

Hajra binti Yunus alikuwa nesi kwa miaka thelathini na mbili, na kustaafu hakukumpunguzia hata chembe hamu ya kujua nani anaumwa na wapi. Shirika moja dogo lilipomfundisha ushauri nasaha, akawa kila Alhamisi anatoka Zinga kwenda gerezani kukaa na mahabusu waliodhulumiwa humo humo ndani.

Mwinyimvua, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, aliletwa kwake akiwa hali wala hasemi. Siku ya kwanza Hajra, kwa mazoea ya wodini, akamshika mkono kupima mapigo ya moyo. Mwinyimvua akaruka hadi ukutani, na wiki nne nzima hakumtolea neno. Hajra alijilaumu sana. Nesi mzima kufanya utoto ule! Tangu hapo akawa anakaa mbali naye, wakazungumzia mananasi: yapandwe lini, nani anaiba miche. Ya selo hakuuliza. Alisubiri aambiwe, na tuseme kweli, alitamani mno awe yeye wa kuambiwa.

Kesi ikafutwa, Mwinyimvua akarudi kwao, na Hajra akamfuata huko huko na Alhamisi zake. Mwaka ukapita. Ndipo akaposwa Saida, binti wa pekee wa Mwinyimvua, na baba mtu akasema ndoa aifungishe mdogo wake. Nyumba ikachafuka. Baba yu hai, ana akili zake, amsusie mkwe? Saida akalia siku mbili.

"Mwanao anadhani humtaki Najim, mchumba wake," Hajra alimwambia.

"Namtaka, Bibi Nesi. Lakini walii anayeozesha hushikana mkono na bwana harusi mpaka maneno yaishe. Hilo sitaliweza."

Hajra akaenda kwa sheikh kuuliza. Sheikh akasema kushikana mikono ni desturi tu. Ndoa ni maneno ya walii na jibu la mume, mbele ya mashahidi. Hajra akarudi mbio na habari hiyo. "Tutafanya kimya kimya, hakuna atakayegundua," alimhakikishia. Hapo alijidanganya. Shughuli ya Kiwangwa, watu wasigundue jambo!

Siku ya ndoa Hajra alikaa chumbani na wanawake, karibu na bibi harusi, pazia likiwatenga na wanaume. Sheikh alipomaliza hotuba, mzee mmoja akapaza sauti: "Mshike mkono mwenzio! Ndoa gani hii?" Wengine wakadakia. Hajra akasimama, ulimi tayari kumtetea.

"Sishiki," Mwinyimvua alisema. "Gerezani nilishikwa na wanaume wanne, wakanifanyia unyama. Tangu hapo siwezi kushikwa. Najim, mwanangu, si kwamba sikutaki."

"Nimekuelewa, baba," Najim akajibu. "Niozeshe hivyo hivyo."

Akamwozesha, neno kwa neno, bila kukosea.

Hajra akaketi. Kwanza, Mungu amsamehe, aliona wivu: mwaka na zaidi amelisubiri neno lile, na limetolewa mbele ya umati, yeye yuko nyuma ya pazia kama mgeni mwingine yeyote. Kisha akageuka kumtazama Saida. Alikuwa analia, wanja wote umemchuruzika, na shangazi zake wakimbembeleza asiharibu uso.

"Niacheni," Saida aliwaambia. "Baba yangu kasema vile mbele ya watu wote, ili mimi nisidhani amenikataa."