Waya wa Mama

Tulimzika mama Jumamosi, Nkololo. Jumapili mjukuu wake alikuwa akisikiliza FM kwa redio yenye antena fupi kuliko mkono wake, nikakumbuka mchana mmoja wa ukame.

Waya wa redio ya mama ulitoka kwenye paa hadi nguzo ya zizi, juu ya harufu ya samadi. Nilidhani sauti hutembea juu yake kama siafu, hivyo sikuthubutu kuanika kanga pale. Sasa najua redio ile ilishika masafa ya kati. Mawimbi yake ni marefu kuliko ya FM, yanataka waya mrefu.

Baba mkubwa alikuja na panga.

"Shemeji, waya huu unafukuza mvua."

"Na Ngulyati nani kaifukuza? Kule hakuna waya, pamba imenyauka vilevile."

"Nitaukata."

"Kata. Hii pamba kidogo itakayobaki, wanunuzi wapya wakija na bei yao, utawajibu nini bila kusikia bei redioni?"

Mama alichukua kipande kingine cha waya, akakiunga, akakivuta mpaka kwenye mgunga. Mikwaruzo ya redio ikapungua, mtangazaji akasikika. Baba mkubwa akaweka panga chini, akavuta kigoda.