Mama Alipopeleka Nyonga ya Ng'ombe kwa Daktari

Mama yangu ameuza nyama Dagoretti miaka thelathini, na hajawahi kununua kitu bila kukigeuza chini juu. Kwa hivyo daktari alipomwambia nyonga yake ya kushoto imelika na inafaa ibadilishwe, nilijua tuko na kazi. Alionyeshwa kiungo cha bandia, kikombe cha chuma chenye plastiki ndani na mpira mweupe wa kuzunguka humo, akakitazama kama maini ya juzi. Akasema atafikiria. Alifikiria miezi minane! Ngazi za nyumba yake alikuwa anazipanda kwa makalio, na ukimfuma anakwambia anapanguza vumbi. Mimi nikirudi kwangu mtaani Satellite ni kulia tu jikoni.

Asubuhi moja akanipigia simu. "Leo tunarudi. Lakini naenda na yangu."

Yake ilikuwa nyonga ya ng'ombe, na mfupa wa paja bado umo ndani, imefungwa kwa magazeti kwenye kiondo. Pale mlangoni mwa jengo la daktari, katikati ya mji, askari alifungua kiondo akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hii ni nini?"

"Nyonga."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe. Yangu si ndiyo hii inanichechemesha?"

Haki nilitamani ardhi ipasuke. Tulipoingia kwenye lifti, watu wote walishuka ghorofa ya pili, hata waliobonyeza ya saba.

Daktari alikuwa kijana mpole, wa kulelewa Loresho kwa matajiri, ukimsikia tu anavyosema "pole". Mama akatandaza magazeti mezani, juu ya picha zake mwenyewe za eksrei, akaiweka nyonga hapo.

"Vuta huo mfupa."

Daktari akavuta. Akalegeza tai, akavuta tena. Wapi!

"Kuna kamba huko ndani," Mama akamwambia. "Imeshika kichwa cha mfupa katikati ya kikombe. Usipoikata hiyo utavuta mpaka jioni. Sasa lete yako." Akachukua kile kiungo cha bandia, akavuta kwa vidole viwili, mpira ukatoka kama mbegu ya parachichi. "Kamba iko wapi?"

Nilidhani tutafukuzwa. Kumbe daktari amefurahi! Akaeleza kwamba hata sisi tunayo kamba hiyo, ila nyonga mpya hushikiliwa na misuli, na namna kikombe kinavyolazwa. Halafu akatoa kabatini muundo mwingine, mpira mdogo umenaswa ndani ya mpira mkubwa, na huo mkubwa ndio unaozunguka kwenye kikombe, ili usiruke ukingo kwa urahisi. Mama akauvuta ule mdogo. Akaupinda. Akashindwa.

"Hii afadhali," akasema, nikamshukuru Mungu.

Fomu ikaletwa, na kalamu. Mama akaishika kalamu, asisaini. Mimi nikapandwa na hasira.

"Kwani unataka nini tena, Mama? Uletewe ng'ombe mzima?"

Akaiweka kalamu chini. Hakuniangalia. Aliangalia ile nyonga mezani.

"Mimi nimekata hiyo kamba miaka thelathini," akasema polepole. "Sijaona ng'ombe hata mmoja akiamka."

Miezi minane namwita mkaidi, kumbe mama yangu anaogopa tu kulazwa usingizi asiamke. Nilijionea aibu.

Daktari akafungua mlango, akamwomba mzee mmoja aliyekuwa anangoja nje, mwenye suti na kofia, atusaidie kidogo. Mzee akaingia akitembea vizuri kabisa. Mama akamkagua kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe pia walikukata?"

"Zote mbili, mama."

"Zunguka." Mzee wa watu akazunguka, kofia mkononi. "Na uliamka?"

"Niliamka naitisha chai."

Mama akaichukua kalamu. Kisha akaivuta fomu karibu, akasaini polepole, jina lake lote.

"Daktari," akasema, "ole wenu nikiamka nisikie ati chai imeisha."