Boti Iliyokaushwa na Upepo wa Ufipa

Wiki iliyopita mafundi wa barabara walikuja kuziba mashimo karibu na kwangu hapa Sumbawanga. Waliwasha moto chini ya pipa la lami, na harufu yake ikaingia dirishani hadi jikoni nilikokuwa nachambua maharage. Nikayaacha maharage yangu. Jirani aliyekuwa anapita aliniuliza kama moshi unaniumiza macho, nikamjibu ndiyo, maana ningeanzia wapi kumweleza kwamba kwangu mimi harufu ile si ya barabara, ni ya boti? Mtu akikuambia kwamba utoto wake aliumalizia ndani ya boti huku juu Ufipa, ambako maji mengi aliyoyazoea mtoto ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, lazima utamgusa paji la uso kama ana homa. Ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mbeya, seremala, aliyeletwa Sumbawanga na kazi ya karakana ya ushirika. Alitengeneza madawati, milango na majeneza, vyote kwa utaratibu uleule usio na haraka, na watu walimtania kwamba majeneza yake yanafunga vizuri kuliko milango ya wenzake. Ziwa Tanganyika alikuwa hajaliona hata kwa mbali. Lakini zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa, na kijiji kikishaleta kazi karakana, fundi haulizwi kama anaijua. Anaulizwa itakwisha lini.

Boti yenyewe ilipanda kutoka Kasanga mgongoni mwa lori, imefungwa kamba, pua yake imetangulia juu ya kichwa cha dereva, na watoto wa mji mzima tukiikimbilia nyuma. Ilikuwa boti ya tanga, ndefu na nyembamba, yenye kijumba katikati na dirisha la duara la shaba. Bruda mmoja wa misheni aliiunda zamani sana kwa mikono yake kule ufukweni, kwa mbao za mvule, ili ibebe mapadri na wagonjwa. Walioijua walisema ilikuwa nyepesi mno kwenye upepo, hata mapadri wakawa wanajitafutia safari zisizo na sababu. Bruda alipoondoka ikapita mikono mingi, kila mwenye nayo akaipaka rangi yake, mwisho ikavutwa mchangani ikasahauliwa. Sasa kijiji kimoja cha ziwani kilikuwa kimepewa, nacho kilitaka itembee tena, ipeleke watu na mazao kule ambako barabara haifiki. Banda la karakana lilikuwa fupi, haikuingia. Wakaiegemeza kwa magogo nje, ubavuni mwa nyumba yetu, kwa sababu sisi tulikaa humohumo uani.

Baba alianza kwa kukwangua rangi. Juu ilikuwa ya kijivu, chini yake kijani, na chini kabisa nyeupe. Nyeupe ilipotokea, mama alitoka jikoni mikono ikiwa na unga wa ulezi, akaweka kiganja chake pale na kukiacha.

"Baba Atu," akasema, "hii ndiyo iliyonileta."

Mama alikuwa wa kabila la Walungu, watu wa ziwani. Kijiji chao kilikuwa mbele ya Kasanga, chini ya miamba, hakina barabara. Alipokuwa msichana boti ile ndiyo iliyomtoa kwao kwenda kujifunza kushona kwa masista, na kutoka hapo akapandishwa lori hadi huku juu, ambako alikutana na baba, wakaoana, nikazaliwa mimi. Mguu wake mmoja ukabaki na kasoro tangu aliponizaa. Njia ya miguu ya kushukia kwao ilikuwa ya mbuzi na ya vijana, na boti ilikuwa imeshakufa. Kwa hiyo mama hakuwahi kurudi kwao. Bibi yangu alikuwa hajamwona mkwe wake wala hajaniona mimi.

Tangu siku ile mama akahamia kwenye boti. Kazi zake za mchana zote, kuchambua maharage, kupepeta ulezi, kunisuka, alizifanyia mle ndani, kijumba kikimkinga na baridi ambayo hakuwahi kuizoea. Mimi nilikuwa abiria wake. Aliniambia nikae upande unakotoka upepo, nisije nikaipindua, nami nikakaa hapo kwa utii mkubwa, boti ikiwa imeshikwa na magogo. "Hapa tumeshapita rasi," angesema, akitazama ukuta wa karakana. "Sasa angalia vizuri, utamwona bibi yako anaosha vyombo." Niliangalia kweli. Wanaume wa karakana walicheka, na mmoja wao akamtupia baba neno, "Fundi, unamtengenezea mkeo usafiri wa kukukimbia." Wote wakacheka tena, isipokuwa baba.

Kazi aliifanya vizuri. Mbao zilizooza alizitoa, akaweka za mninga, akanyoosha mbavu, akachonga mlingoti mpya. Mama mwenyewe alishona tanga la amerikani kwa cherehani yake, nguo imetapakaa nyumba nzima hadi tukawa tunairuka kwenda kulala. Ikabaki kalafati tu, yaani kuziba nyufa kati ya ubao na ubao. Baba alisokota pamba iliyolowekwa mafuta, akaigongomea kwenye nyufa kwa patasi butu, kisha akamwagia lami ya moto juu. Sasa, mnaujua upepo wa kiangazi wa Ufipa, ule unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzikamua. Mbao zikazidi kukauka na kusinyaa, na nyufa alizoziziba zikaachama tena. Akazifumua, akaanza upya.

Mama alimwambia dawa yake mapema. "Ipelekeni ziwani, baba Atu. Boti ikikauka inaachwa inywe maji, inajifunga yenyewe. Kwetu tunaizamisha kabisa, halafu tunakumba maji inatembea."

"Niizamishe boti niliyoitengeneza?" baba akasema. "Watasema fundi wa Mbeya hajui kuziba."

Msimamizi wa karakana, Mzee Kasiano, Mfipa mpole ambaye hata hasira zake alizitoa kwa kuuliza, alikuwa akipita kila mara. "Ndugu fundi, boti lini?"

"Bado upepo, mzee."

Mzee Kasiano naye hakuwa mtu wa maji, akakubali. Kiangazi kikaisha hivyo, masika yakapita boti ikiwa imefunikwa maturubai, kikaja kiangazi kingine. Wanakijiji wa ziwani wakatuma salamu, kisha wakatuma salamu kali.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kiti changu cha upande wa upepo, mama ameshika ungo, baba amepiga magoti nje akifumua. Nikachungulia. Pamba aliyokuwa anaing'oa ilikuwa ngumu, imeshika, haina ufa. Nikamwuliza, "Baba, mbona hii imeziba?"

"Haijashika vizuri, mwanangu."

Nilimwamini, maana mtu anayetengeneza milango kama ile atakosea nini? Mama aliutazama mkono wa baba uliokuwa na patasi, akautazama muda mrefu, kisha akainamia ungo. Baada ya siku ile hakuongea tena habari ya kuipeleka boti ikanywe maji.

Mvua ndiyo iliyomaliza ubishi. Mwaka ule iliwahi, ikaja mchana kweupe kabla maturubai hayajatolewa stoo, ikaijaza boti. Kwanza ilivuja kila mahali, uani pakawa matope matupu. Ikanyesha tena na tena, mbao zikanywa, zikavimba, zikakumbatiana. Siku moja tukawakuta bata wetu wanaogelea ndani ya boti na chini yake hakudondoki tone. Mzee Kasiano alikuja na mwavuli, akainama, akapapasa tumbo lote la boti kwa kiganja, akakiangalia. Kilikuwa kikavu.

"Ndugu fundi," akasema, "upepo umekwisha."

Baba alicheka, lakini alichelewa kuanza.

Barabara ilipokauka tulishuka na boti hadi Kasanga. Siwezi kuwaeleza nilivyoliona ziwa, kwa sababu sikuliona. Nilikuwa namtazama mama. Alivua viatu akiwa bado kwenye lori. Tanga lake lilipojaa upepo na boti ikalala ubavu, alicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwetu, sauti ya msichana fulani nisiyemjua. Baba alikuwa ameukumbatia mlingoti wake mwenyewe, anatapika.

Tulipofika kijijini kwao, bibi alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba. Mama alipiga magoti, mguu mbovu umekaa vibaya, akasema, "Shikamoo mama." Bibi akageuza uso, akautuliza mahali ambapo hapakuwa na mtu. Macho yake yalikuwa meupe. Akaupapasa uso wa mama, halafu wangu, polepole, pua, masikio, nywele.

"Felista," akamwambia mama. "Mmechelewa kidogo tu. Kiangazi kile kingine nilikuwa bado naona. Ningemwona mtoto."

Baba alisimama na gunia la ulezi begani, zawadi ya ukweni, amesahau kulitua. Mama hakumgeukia. Alijibu haraka, "Boti ilikuwa mbovu sana, mama. Mume wangu ameihangaikia mno." Bibi akaomba mikono ya huyo mume, akaipapasa makovu ya lami, akamshukuru kwa kumletea mwanawe. Baba aliitoa mikono yake, akatoka kwenda ufukweni, akakaa huko mpaka wakamtuma kijana kumwita aje kula.

Tulikaa, tukala migebuka, samaki wa ziwa lile, mpaka nikaichoka, tukarudi Sumbawanga sote pamoja. Bibi alifariki kabla hatujaweza kwenda tena. Alinijua kwa vidole tu, na hadi leo nikimkumbuka najisikia nimepapaswa uso, na moyo unaniuma kwa kitu ambacho hakikupotea mikononi mwangu.

Miaka mingi baadaye binti yangu alichaguliwa shule ya mbali. Nilimshonea sketi, na jioni moja nikajikuta nafumua pindo lake lililokuwa zuri kabisa, nikijiambia halijakaa sawa. Mkono ukasimama hapohapo. Baba alikuwa ameshakufa. Nilikwenda kwa mama, mzee sasa, amejifunika blanketi kwa baridi yake ileile, nikamwuliza kama alijua habari ya pamba ile iliyokuwa imeshika.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona."

"Na dawa uliijua. Mbona uliacha kumwambia?"

Alivuta blanketi.

"Aliogopa nikishafika kwetu nisingerudi huku," akasema. "Na mimi, Atu, sikuwa na uhakika kama ningerudi. Wewe ulikuwa mdogo bado. Nikaona afadhali afumue."